Vasi la Miavuli

Mama Gourdet, mlinda mlango wa nyumba yetu, anadai kwamba jioni ile ya sikukuu ya Mtakatifu Eloi, Bi Apolline alirudi nyumbani amelewa chakari. Anadai aliingia akipapasa ukuta, akasimama mbele ya koti la marehemu Bwana Gourdet, lile linaloning'inia kwenye msumari karibu na ngazi, akaliinamia kwa heshima na kuliambia, "Habari za jioni, Bwana." Kisha, anadai, akasubiri koti lijibu. Lilipokaa kimya akasema, "Haya, kama umenuna shauri yako," akaanza kupanda ngazi huku akizihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ghorofa ya sita.

"Nikazihesabu naye," Mama Gourdet husema, mikono kiunoni. "Mia moja na kumi na mbili. Miaka ishirini nafagia ngazi hizi, sijawahi kujua ziko ngapi. Mlevi ndiye aliyenifundisha!"

Watu hucheka. Ameshamsimulia muuza maziwa, ameshamsimulia mchukuzi wa makaa, na kila akisimulia anaongeza kitu. Siku hizi koti limeanza kuvaa kofia.

Mimi sicheki. Nakaa ghorofa hiyohiyo ya sita, chini ya paa, na mlango wangu unatazamana na ule uliokuwa wa Bi Apolline. Kwa miaka saba aliniamsha kila asubuhi kwa kugonga mlango wangu kwa kijiko, mara tatu, na kusema, "Sidonie, jogoo wa mjini amewika." Tukashuka pamoja, tukanywa kahawa kwa mama mwenye mtungi pale pembeni, tukaenda karakana moja, tukakaa kwenye meza mbili zinazotazamana chini ya dirisha moja. Jioni tukarudi pamoja. Mimi sina mama, sina baba, na masista walionilea walinitoa shuleni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Yeye hakuwahi kuolewa. Watu walidhani ni bibi yangu, nasi hatukuwasahihisha.

Karakana ni ya Bwana Vaucelle, nasi tunamwita Tajiri. Tunatengeneza mavasi ya maua ya bronzi yaliyojazwa enameli. Bronzi hutufikia imeshachongwa vijumba vidogovidogo, kila jani kijumba chake, kila unyoya wa ndege kijumba chake, na kuta nyembamba za kutenganisha. Kazi yetu wanawake ni kujaza vijumba hivyo. Enameli ni kioo cha rangi kilichosagwa kikawa unga. Tunaulowesha, tunauchota kwa ncha ya unyoya wa bata bukini, tunaushindilia ndani ya kijumba mpaka ujae. Ili unga usiporomoke kwenye tumbo la vasi tunatia ute wa mbegu za tunda moja gumu la manjano, ambalo kwetu hupikwa na sukari maana bichi halilwi. Bi Apolline alikuwa akizikusanya mbegu hizo mwaka mzima mfukoni. Ukimkumbatia zinasikika.

Halafu vasi linaingia tanurini, na huko ndiko rangi zinakozaliwa. Kabla ya moto hakuna cha kutazama. Bluu iliyokolea unaiona kidogo, kijani unaiona kidogo, lakini zile rangi za thamani zikiwa unga zote zinafanana na chokaa. Nyeupe ni nyeupe. Ile nyekundu yenye dhahabu ndani nayo ni nyeupe, labda na manjano kidogo kama ukucha wa mzee. Kwa hiyo kila kikombe cha unga kina kikaratasi chenye namba, na kabla ya kuchota unasoma namba. Ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na aliyenifundisha ni Bi Apolline.

Sheria ya pili ni kwamba akiwa na unyoya midomoni haongei. Alikuwa na desturi hiyo: akitaka kufikiri kabla ya kijumba kigumu, huuweka unyoya kati ya midomo, mlalo, na hapo hata Tajiri amwite mara kumi hajibu. Anajibu akiutoa. Wakati mwingine ilipita robo saa. Firmin, mchomaji wetu wa tanuri, alikuwa akisema, "Bi Apolline kafunga duka."

Mwezi wa Novemba Tajiri alituletea jozi ya mavasi makubwa, marefu kama mtoto wa miaka mitano. Mwenye benki mmoja aliyataka kwa zawadi za mwaka mpya. Yalikuwa na korongo weupe wamesimama majini kati ya maua makubwa yenye moyo mwekundu, mtindo wa Kijapani ambao matajiri wote wa jiji waliupenda tangu Maonyesho makubwa ya mataifa yaliyofanyika mjini kiangazi kile. Kwenye vasi moja korongo walitazama kulia, kwenye jingine kushoto, ili yakiwekwa juu ya meko, moja huku jingine kule, ndege watazamane. Kwetu jozi hujazwa na watu wawili wanaokaa uso kwa uso. Mmoja anajaza la kushoto, mwenzake la kulia, wanakwenda pamoja kijumba kwa kijumba, ili mikono ifanane. Bi Apolline alichukua la kushoto, kama kawaida. Mimi nikachukua la kulia.

"Umeanzia wapi?" ananiuliza.

"Kwenye mdomo wa korongo wa chini."

"Una haraka kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Anzia miguuni. Ndege asiye na miguu anaanguka."

Nami nilikuwa namtazama. Kazi yangu kwa miaka saba kwenye meza ile ilikuwa kumtazama yeye zaidi ya kutazama vasi. Niliona anainama mpaka pua inagusa bronzi. Niliona anakipitia kijumba kwa ukucha kabla ya kukijaza. Niliona hasimami tena dirishani saa nne kumtazama farasi mweupe wa mwoka mikate, ambaye zamani alimpa jina. Barabarani alinishika mkono, akasema ni utelezi. Niliona yote hayo. Nikajiambia, mwanga haumtoshi. Jua la Novemba ni dogo na kioo cha dirisha kimejaa masizi. Nikakipangusa kioo.

Sikukuu ya Mtakatifu Eloi ndiyo sikukuu ya watu wote wa chuma na bronzi, ni tarehe mosi Desemba. Mwaka ule iliangukia Jumapili. Jumamosi yake karakana zote za mtaa husafishwa, meza zinamwagiwa maji ya magadi, zinasuguliwa kwa brashi, hata mikasi inang'arishwa, maana wazee husema Mtakatifu hapiti penye vumbi. Kila mtu husafisha meza yake mwenyewe. Lakini Bi Apolline alikuwa na goti lililovimba, nikamwambia, "Bi Apolline, nenda ukapumzike. Yako nitaisafisha mimi."

Akasita. Nakumbuka alisita. Alikuwa ameshavaa shali yake, mkono mmoja uko juu ya meza.

"Usinivurugie," akasema.

"Mimi nimevuruga lini?"

"Haya. Asante, mwanangu."

Nikasugua meza yake kuliko yangu. Nilipomaliza nikavirudisha vikombe, na hapo nikapata wazo. Kile cha nyekundu ya dhahabu, kigumu kutambulika, alikuwa amekiweka mbali, upande wa ukutani kwenye giza. Kile cha nyeupe kiko mbele dirishani. Nikaona ni kinyume. Nikakileta cha nyekundu mbele, penye mwanga, ili akione vizuri, na cha nyeupe nikakipeleka nyuma. Kila kimoja nikakiweka mahali hasa pa mwenzake. Vikaratasi vyote nikavigeuza vimtazame yeye. Nikaenda zangu nikiwa na furaha. Nilipanga nimwambie kesho yake.

Kesho yake ilikuwa sikukuu. Tajiri alitununulia divai na soseji, tukaimba. Firmin alicheza na ufagio, akauambia una kiuno kuliko sisi wote. Bi Apolline alikunywa glasi moja. Mimi nilikuwa pembeni yake, najua ni moja, tena aliacha kidogo chini. Kulipoanza kuingia giza akasema anakwenda nyumbani, akakataa nimsindikize, "Baki ucheke, una sura ya mazishi." Nikabaki. Sikukumbuka tena habari ya vikombe.

Jumatatu wanaume wengi wa mtaa hawakwenda kazini, vichwa viliwauma. Sisi tulikwenda kwa sababu ya mwenye benki. Nilichelewa, ilikuwa mara ya kwanza jogoo wa mjini hakuwika. Nilipofika nikamkuta Bi Apolline ameshakaa, anajaza vifua vya korongo, kichwa chini, anakwenda kasi. Mkono unakwenda kikombeni na kurudi, kikombeni na kurudi, bila kutazama. Nilipenda kuuona mkono ule. Nikakaa nikaanza yangu.

Jumanne mchana mavasi yakaingia tanurini. Siku ya moto hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango wa barabarani, wala kupita mbele ya tanuri kwa haraka, maana upepo wa baridi ukiligusa vasi lililotoka motoni, enameli inapasuka.

"Akina mama, shikeni sketi zenu!" Firmin akapiga kelele. "Humu ndani mwenye ruhusa ya kutoa upepo ni mimi peke yangu."

Langu likatoka kwanza. Linapotoka huwa jekundu lote kama kaa la moto, halafu taratibu rangi zinarudi nyumbani, moja moja. Maji yakawa ya bluu. Majani yakawa kijani. Korongo wakawa weupe, na mioyo ya maua ikawaka kwa wekundu. Tajiri akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha likatoka la Bi Apolline. Tukasubiri. Maji yakawa ya bluu, majani yakawa kijani. Korongo hawakuwa weupe. Walizidi kuiva, kutoka kwenye kifua kwenda kwenye shingo, mpaka wakawa na rangi ya nyama buchani. Na maua yalikuwa na mioyo myeupe, kama macho ya samaki aliyepikwa.

Bi Apolline alikuwa amesimama kati yetu, mikono imeunganishwa tumboni, anatabasamu kidogo, anasubiri.

"Wametokaje?" akauliza.

Firmin akadhani anafanya mzaha. "Wametoka kama wamechapwa viboko, Bi Apolline. Wote wekundu."

Tabasamu likabaki pale usoni kwa muda, halijui liende wapi. Kisha akageuza uso kuelekea kwangu. Hakunipata barabara, alitazama kando kidogo ya bega langu.

"Sidonie, meza yangu ulivirudisha wewe vikombe?"

"Mimi, Bi Apolline."

"Sawa," akasema.

Tajiri alikuwa ameiva kuliko korongo. "Nyekundu ya dhahabu! Kifua kizima, shingo nzima! Hukusoma namba? Mwaka wa arobaini hapa kazini, hukusoma namba? Bibi, umelewa?"

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa nasema nini? Kwamba nilihamisha vikombe? Kikombe kina namba, hata kikiwa juu ya dari unasoma namba. Hicho ndicho nilichojiambia. Nikaufunga mdomo.

"Nilikunywa kidogo, Tajiri," Bi Apolline akasema. "Sikukuu ilinizidi."

"Jumapili! Leo Jumanne!"

"Sikukuu ilikuwa ndefu."

Watu wawili watatu wakacheka. Tajiri hakucheka. Bronzi iliyojazwa hivyo huwezi kuichimbua bila kuziua kuta za vijumba, na mwaka mpya uko mlangoni. Akamwambia achukue shali yake.

Alitembea mpaka kwenye kitundikio, akaipapasa shali, akaivaa, akatoka. Sisi tukashika sketi zetu, maana alifungua mlango wa barabarani vasi likiwa bado na joto. Likapasuka mahali pamoja, shingoni mwa korongo wa juu, ufa mwembamba kama unywele. Tulisikia mlio wake.

Kabla ya Krismasi alikuwa ameshaondoka nyumbani. Masista walimpatia nafasi kwenye nyumba ya wazee wanawake nje ya kuta za jiji. Siku aliyoondoka nilikuwa kazini. Mama Gourdet anasema alishuka akihesabu ngazi tena, kutoka mia moja na kumi na mbili kurudi moja, na kwamba hata siku ya kuhama hakuweza kukaa bila kunywa.

Mwenye benki alipewa saa na jozi ya vinara badala yake. Vasi langu la korongo weupe Tajiri aliliweka juu ya kabati ofisini. La Bi Apolline aliliweka karibu na mlango, na kwa kuwa lilikuwa refu na mdomo mpana, kila anayeingia akaanza kutumbukiza mwavuli wake humo. Sasa ndilo vasi la miavuli. Siku za mvua korongo wekundu wanasimama ndani ya dimbwi.

Baada ya Epifania, mapema Januari, Tajiri aliniambia nihamie meza ya Bi Apolline, kwa sababu mwanga wake ni mzuri zaidi. Mbele yangu hakubaki mtu. Jozi ndogondogo nilizijaza zote mbili peke yangu, nikimaliza la kushoto nazunguka meza nakwenda kukaa kwenye kiti changu cha zamani, najaza la kulia, ili mkono ukumbuke upande wake. Nikiwa hapa natazama kiti kitupu kule. Nikiwa kule natazama kitupu hapa. Asubuhi naamka kabla ya wakati, nalala macho wazi nikisikiliza mlango. Hakuna kijiko. Nikishuka, mama wa kahawa ananiuliza, "Kimoja?" nami najibu kimoja, kila siku kama vile hajui.

Unyoya wake niliukuta kwenye droo, umeng'atwa katikati, alama za meno pande zote mbili.

Na siku moja nilipokuwa nikitafuta kikombe bila kutazama, vidole vyangu vikagusa kitu ukingoni mwa meza, kwa chini. Mkwaruzo. Nikapapasa. Alama moja ya kisu. Vidole vinne mbele, alama mbili. Kisha tatu. Nikapiga magoti nikachungulia. Ukingo wote wa meza ulikuwa na alama, zimechongwa kwa uangalifu, za zamani zimeingia uchafu. Makundi kumi na manne. Vikombe vyake vilikuwa kumi na vinne.

Nikakaa pale chini sakafuni. Alikuwa hasomi namba. Alikuwa na muda mrefu hasomi namba. Alihesabu kwa kidole chini ya meza, kama alivyohesabu ngazi, akanyoosha mkono mahali ambapo kikombe kilikuwa kila siku ya maisha yake. Penye alama saba palikuwa na nyeupe. Mimi nikaweka pale nyekundu, penye mwanga, ili aione vizuri.

Firmin akanikuta. "Umepoteza nini, binti?"

"Sindano."

"Karakana ya enameli, sindano ya nini?"

Nikainuka, nikapangusa sketi.

Jioni ile nilimfuata Tajiri ofisini. Nikamwuliza kama atamrudisha Bi Apolline.

"Mlevi ninaye mmoja," akasema bila kuinua kichwa, "naye ni Firmin, ananitosha. Mlevi wa tanuri anaunguza nyusi zake. Mlevi wa vikombe ananiunguza mimi." Kisha akanitazama. "Ila nakwambia kitu. Eulalie wa kusaga unga anaolewa mwezi ujao. Ukimjua mtu mwenye vidole vizuri niletee. Macho si lazima yawe ya kijana, unga unasikika kwa kidole."

Alisema hivyo, macho si lazima yawe ya kijana. Nilishika kitasa cha mlango kwa nguvu. Nusura niseme yote pale pale. Lakini jambo hili si langu peke yangu. Yeye alikuwa amechagua kuitwa mlevi, na sikujua kwa nini, na sikutaka kumwondolea kitu kingine tena mahali pake bila kumwuliza.

Jumapili nikaenda. Kulikuwa na theluji, nikatembea mpaka kwenye lango la jiji na kupita. Nilinunua njugu za kuchoma nikazitia kifuani zinipashe joto. Nyumba yenyewe ni ndefu, inanuka kabichi, na wazee wanakaa kwenye mabenchi wamevaa aprini za mirabaraba, wanachambua vitambaa vikuukuu kuwa nyuzi za kufungia vidonda. Bi Apolline alikuwa benchi la mwisho, chini ya dirisha. Kwa nini walimweka dirishani sijui.

Kabla sijasema neno akainua kichwa.

"Hujanunua viatu vipya?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Unatembea kama mtu anayeiomba sakafu radhi. Kaa. Una njugu."

Nikakaa. Nikamenya, nikamtia mkononi moja moja. Aliuliza habari za mtaa. Nikamwambia koti la Bwana Gourdet limeanza kuvaa kofia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Niliona kitu kikubwa cheusi kimesimama," akasema. "Ningefanyaje? Afadhali kuliamkia koti kuliko kumpita mtu bila salamu."

"Bi Apolline, nimeziona alama."

Mikono yake iliacha kitambaa.

"Chini ya meza," nikasema. "Ni mimi niliyevihamisha vikombe. Nilidhani ni mwanga."

"Najua. Nilijua siku ileile." Akachukua njugu nyingine, akaizungusha tu, hakuila. "Ulichelewa kuziona. Nilidhani wewe, kwa jinsi unavyotazamatazama watu, ungeziona ndani ya wiki."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningesema nini, mwanangu? Vikombe vimehama? Angeniuliza, na namba? Basi ingekuwa imekwisha." Akashusha sauti, maana benchi la mbele wazee wawili walikuwa wametega masikio. "Firmin amefukuzwa mara ngapi kwa ulevi?"

"Mara tatu."

"Na karudishwa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Umeona. Mlevi akitulia, anaitwa. Sasa nitajie mjaza enameli kipofu aliyewahi kuitwa." Akanisubiri. "Hata mmoja. Ndiyo maana nikanywa ile divai yote ambayo sikuinywa. Tajiri ana hasira za haraka, lakini moyo wake si mbaya. Mwaka ndio kwanza unaanza. Ataniita."

Alisema hivyo, na uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, kwenye theluji. Nikaelewa kwamba alikuwa anasubiri. Kila siku alikuwa anasubiri mtu wa kutoka kwa Tajiri, na nilipoingia, kabla ya kuzitambua hatua zangu, labda alidhani ndiye.

"Lile vasi alilifanyaje?" akauliza.

"Liko mlangoni. Watu wanatia miavuli."

"Ehe?" Akacheka tena, kidogo. "Korongo ni ndege wa maji. Hawajakosa sana."

Hapo nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yalitoka ovyo. Nikamwambia kwamba Tajiri hatamwita maadamu anamdhani mlevi, amesema kwa mdomo wake. Nikamwambia Eulalie anaolewa, na kusaga unga ni kazi ya vidole, na nani mtaani mwenye vidole kama vyake, anayejua unga umelainika kwa kuusugua tu, anayejua kwa sauti ya maji kwenye bakuli kwamba umeoshwa vya kutosha. Nikamwambia chumba changu kinaingia vitanda viwili tukisogeza sanduku. Vikombe vyake mwenyewe hakuna atakayevigusa maisha. Ngazi ni mia moja na kumi na mbili, anazijua, na koti nitaliondoa.

"Ila lazima nimwambie ukweli," nikasema. "Mikono yangu ilifanya nini, na macho yako. Vyote viwili. Siwezi kusema kimoja."

Vidole vyake vikarudi kwenye kitambaa.

"Akishajua, amejua. Hutaweza tena kuwa mlevi. Najua. Ndiyo maana sijamwambia. Nakuomba ruhusa, Bi Apolline. Niruhusu nimwambie kesho, kisha urudi."

Nikautoa unyoya wake mfukoni, nikamwekea kiganjani. Aliutambua kabla haujatulia. Akaupitisha kidole gumba kutoka mwisho mpaka kwenye ncha, akagusa mahali penye alama za meno. Kisha akauinua, akauweka kati ya midomo yake, mlalo.

Kengele ya supu ikalia. Wazee wakaanza kuinuka, mmoja akamshika mwenzake, mabenchi yakakwaruza sakafu. Sista akapita akasema wageni waage sasa. Nikamwambia sista dakika moja tu.

"Bi Apolline," nikasema. "Nimwambie?"

Mbegu mfukoni mwake zilisikika alipovuta pumzi. Unyoya ulikuwa bado uko midomoni, na mikono yake iko juu ya magoti, nami nikakaa pale pale pembeni yake.